Naomba ushauri: kichwa cha onyo la orodha nyeusi kwenye SpamAssassin

Habari zenu wakuu. Natumia SpamAssassin kuchuja barua pepe. Barua ikitoka kwenye IP (anwani ya mtandao) iliyo kwenye orodha nyeusi ya anwani zisizoaminika kutuma barua, kichwa cha X-Spam-Status (mstari wa taarifa juu ya barua) kinaandika tu jina la kanuni iliyonasa, RCVD_IN_PBL, katikati ya msururu wa majina mengine. Nataka kichwa kinachojitegemea, kioneshe orodha gani imeinasa na imejibu nini. Hilo si jambo dogo: Spamhaus (shirika linalotunza orodha hizo) ikijibu 127.0.0.2 ni orodha ya SBL, chanzo cha barua taka kinachojulikana, ikijibu 127.0.0.10 ni PBL, orodha ya IP zisizopaswa kutuma barua moja kwa moja, na huenda ni mtu tu anayetuma kwa intaneti ya nyumbani. Huyo sitaki kumfungia pamoja na matapeli.

Kwenye local.cf (faili la mipangilio ya SpamAssassin) nimeongeza:

add_header all RBL _RBL_

Nimekagua kwa spamassassin --lint, hakuna kosa. Nikipitisha barua kwa mkono, X-Spam-RBL inatokea vizuri kabisa. Ila zinazopitia Amavis (programu inayoiita SpamAssassin ikague barua za seva) hazina, kwa kuwa yenyewe huandika vichwa vyake na kupuuza add_header.

Kuna aliyefanikisha hili bila kuiondoa Amavis? Nipitie Postfix (seva yenyewe ya barua), au kuna mpangilio humo humo ndani ya Amavis? Hata mfano wa mistari miwili mitatu utanisaidia sana.