Braza yupo Marekani ana kansa ya puru, wanataka kumuingiza kwenye majaribio ya dawa. Akubali au akatae?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu habari za mchana, naombeni mnisikilize maana hapa nyumbani hatulali. Braza wangu, tumetoka tumbo moja, ana miaka 41, yupo Minnesota kitambo anaendesha malori. Alikuwa anaona damu chooni akajua ni bawasiri tu anapaka dawa maisha yanaenda, juzi kati ndo kaenda hospitali wakampiga kipimo cha kamera wakakuta uvimbe kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo mpana karibu na njia ya haja kubwa, wakakata kinyama wakapima, kansa. Bahati nzuri haijafika kwenye ini wala mapafu.

Sasa madaktari wamempa njia mbili. Kwanza ile ya siku zote, kemo na mionzi halafu operesheni, na kwa vile uvimbe upo chini kabisa atabaki na mfuko wa kinyesi tumboni maisha yake yote. Ya pili kuna utafiti, eti uvimbe wake wameukuta na kitu kinaitwa dMMR, kwa hiyo anaweza kupewa dripu ya dawa inaitwa dostarlimab kila baada ya wiki tatu kwa miezi sita, na uvimbe ukiisha hapigwi kisu wala mionzi.

Bi mkubwa kusikia neno majaribio kaangua kilio, anasema mwanawe hawezi kufanywa panya wa wazungu, arudi nyumbani kuna mzee huko Muheza anatibu kwa mizizi. Na mnamuelewa pia, maana mzee wetu alifariki na matatizo ya utumbo akiwa na 46, na shangazi upande huohuo kaondoka na kansa ya kizazi. Kikao cha familia kimeniachia mimi nimpe braza jibu. Nifanyeje?

Kibuyu Kitupu
Akatae asubuhi na mapema. Kawaulize watu weusi wa Tuskegee kule Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 serikali ya hukohuko Marekani iliwaangalia wanaumwa kaswende, hata penisilini ilipopatikana hawakupewa. Leo ndo wawe na huruma na dereva wa Tanga?

Nesi wa Leeds
@Kibuyu Tuskegee ni kweli tupu na usiache kuisema, ila malizia stori. Baada ya ile aibu 1974 Marekani ikapitisha sheria, ndo maana leo utafiti wa dawa kama huo lazima upitishwe na kamati ya maadili na mgonjwa asaini ridhaa baada ya kuelezwa kila kitu, na ana haki ya kujitoa hata kesho bila kuulizwa kwa nini na bila kunyimwa matibabu mengine. Wale wa Tuskegee hawakuambiwa hata wanaumwa nini. Kaka yake huyu kaambiwa mpaka jina la dawa.

@Mtoto wa Chumbageni pole sana mdogo wangu, na mama mpe pole. Nipo wodi ya kansa huku Uingereza, nakwambia ninachokijua. Hiyo dMMR maana yake seli za uvimbe zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa kwenye vinasaba vyake, makosa yanarundikana, na hayohayo makosa ndo yanafanya kinga ya mwili iuone uvimbe kama adui pale dawa ikiifungulia breki. Kwenye puru wenye uvimbe wa namna hii ni wachache, asilimia 5 mpaka 10 hivi, kwa hiyo hapo kwenye balaa kaka yako kaokota dodo.

Na dawa yenyewe sio kwamba wanaanza kwake. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering pale New York walitoa matokeo Juni 2022, wagonjwa 12 wa kwanza waliomaliza wote uvimbe uliyeyuka, hauonekani kwa kamera, kwa MRI wala kwa kidole cha daktari. 2025 wakatoa tena, wamefika 49 wa puru na wote 49 majibu ni yaleyale. Nimefanya kazi hii miaka mingi, mia kwa mia kwenye kansa sijazoea kuiona.

Ila sio maji ya baraka. Kinga ikishaamshwa inaweza kugeukia mwili wenyewe, tezi ya shingo ikavurugika, ngozi ikawasha, mapafu au utumbo ukavimba, wengine wanakunywa dawa ya tezi maisha. Na baada ya dripu kuna kufuatiliwa, kamera na MRI kila baada ya miezi michache kwa miaka kadhaa, maana uvimbe ukirudi unatakiwa udakwe mapema akatwe. Mtu wa safari kama dereva wa malori ajiulize hilo kwanza, zile appointimenti hazirukwi.

Mama Zai
Mimi niliingia utafiti wa dawa ya kansa ya titi Nairobi. Fomu nilisomewa kwa Kiswahili, nikaenda nayo nyumbani nikalala nayo, nikarudi na maswali yangu kwenye daftari. Kompyuta ndo ilipanga nani apate nini, nikaangukia kundi la dawa ya kawaida, roho iliniuma sijidanganyi, lakini matibabu nilipata kamili. Watu wanadhani utapewa vidonge vya sukari uachwe ufe, kwa kansa yenye tiba inayojulikana hawafanyi hivyo, mpya inapimwa dhidi ya tiba iliyopo. Kwa kaka yako aulize kama kuna makundi au wote wanapewa dawa hiyohiyo.

Pia aulize nani analipia nini. Kawaida dawa ya utafiti inatoka kwa wenye utafiti, ila vipimo vya kawaida vinaenda kwenye bima, na huko Marekani bima nyingi zinabanwa na sheria kulipia hiyo sehemu. Apate jibu kwa maandishi.

Na hiyo mizizi ya Muheza, akitumia chochote amwambie daktari, msimtumie kimyakimya kwenye begi la mgeni. Nawajua akina mama.

Kibuyu Kitupu
Hilo la 49 kwa 49 nimeenda kulichimba, lipo kweli. Lakini wagonjwa 49 sio elfu moja, na miaka ishirini mbele hakuna anayeijua. Nabaki na mashaka yangu ila sijasema tena akatae.

Mfamasia Kariakoo
Nyie wote mmeruka kitu kikubwa kuliko hicho. Baba utumbo akiwa na 46, shangazi upande wa baba kansa ya kizazi, braza puru akiwa na 41 na uvimbe ni dMMR. Mkuu, hiyo kansa ya shangazi ilikuwa ya shingo ya kizazi au ya ndani ya mji wa mimba? Na baba ilikuwa kansa?

Mtoto wa Chumbageni
Ya ndani, alikuwa anatokwa damu na hedhi ilishakoma siku nyingi. Mzee aliziba utumbo wakampasua wakakuta uvimbe. Kwani vipi?

Mfamasia Kariakoo
Inanukia Lynch sindromu. Ni kasoro ya vinasaba inayorithiwa, inaongeza hatari ya kansa ya utumbo na ya mji wa mimba, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu. Sijasema mnayo, braza apimwe damu huko aliko, na wakiipata waandike ni jeni ipi, kwa sababu hapo nyie ndugu mnapimwa sehemu hiyo moja tu badala ya kutafuta sindano kwenye jalala. Mwenye nayo anapigwa kolonoskopi, kile kipimo cha kamera ya utumbo, kila mwaka mmoja au miwili, wanaanza na miaka 20 hadi 25. Vinyama vinatolewa kabla havijawa kansa. Muhimbili kipimo hicho kipo.

Mtoto wa Chumbageni
Duh. Nina 34. Nimesikia aspirini inazuia, nianze?

Mfamasia Kariakoo
Tulia kwanza. Huo utafiti upo, CAPP2, profesa John Burn wa Newcastle, watu 861 wenye Lynch, nusu aspirini miligramu 600 kwa siku, nusu plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Walipofuatiliwa miaka kumi, waliopata kansa ya utumbo ni 9 kwa mia upande wa aspirini na 13 upande wa pili, na tofauti ilichelewa sana kuonekana. Lakini aspirini inatoboa tumbo na kuvujisha damu, kuna watu wenye vidonda vya tumbo hapa watakufa kwa ushauri wa mtandaoni. Pima kwanza, dozi upangiwe na daktari.

Nesi wa Leeds
Naunga mkono. Na mama mwambieni majaribio sio dawa za ajabu tu, kuna ule wa CHALLENGE, Canada na Australia hasa, watu 889 waliomaliza kemo ya utumbo, nusu wakapewa msimamizi wa mazoezi miaka mitatu, wengi wao ni kutembea haraka tu. Baada ya miaka minane waliokuwa hai ni 90 kwa mia dhidi ya 83.

Mtoto wa Chumbageni
Nimeongea na braza usiku huu. Kaulizia, utafiti hauna makundi, wote dripu hiyohiyo, na Alhamisi anachukuliwa damu ya vinasaba. Bi mkubwa kasikiliza voisi aliyonitumia dada nesi mara mbili hajasema kitu, kauliza tu hiyo dripu inaruhusiwa na kufunga? Ramadhani ipo njiani. Anayejua anijibu nimpelekee.

Nesi wa Leeds
Siku ya dripu anakula kama kawaida, wala asikae na njaa. Siku zingine aamue na daktari wake, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa baadaye, shehe wa mtaani kwenu atamthibitishia mama.