Kikosi cha taifa cha vijana cha magongo ya barafuni hupimwaje kabla ya mashindano?

Kocha wa Tudor

Assalamu alaikum wanajamvi. Mimi hufundisha mpira wa magongo kwa vijana wa sekondari hapa Tudor, na kwa mchezo wetu huu wa kiwanjani, nikipewa orodha ya wachezaji naweza kueleza kabla ya filimbi ni wapi timu itaumia. Sasa baraza letu la baada ya Isha limeingiwa na magongo ya barafuni, kwa sababu mwenzetu mmoja ana wapwa wanaoishi Ottawa na ndiye aliyetuletea maradhi haya, hata tukawa tunakesha kila mwisho wa Disemba kufuatilia mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 20.

Tatizo letu ni hili. Vikosi vinapotangazwa, wenzangu hujumlisha mabao ambayo kila mchezaji ameifungia klabu yake, kisha hutoa hukumu kwamba Kanada itachukua kikombe. Hukumu hiyo imewaaibisha mara mbili mfululizo, kwani Kanada ilitolewa na Ucheki katika robo fainali ya mwaka 2024 kule Gothenburg kwa mabao 3 kwa 2, na ikatolewa na Ucheki hao hao mwaka 2025, tena ikiwa nyumbani Ottawa, kwa mabao 4 kwa 3. Karatasi ya kikosi huonyesha jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito, mkono, klabu na hesabu za msimu. Mtu anayeujua mchezo huu huanza kuisoma wapi? Ningeomba majibu yahusu orodha yenyewe, kabla mechi ya kwanza haijachezwa, maana baada ya mechi kila mtu ni kocha.

Baharia wa Kibokoni

Wa alaikum salaam, Maalim. Zamani za kazi yangu ya meli tulikuwa tukitia nanga Halifax wakati wa baridi, na watu wa bandari ile hawana mazungumzo mengine. Walinizoesha kuanza na makipa, na hadi leo sijaona sababu ya kubadili.

Kikosi huwa na wachezaji 25, na kwa kawaida watatu kati yao ni makipa, ingawa anayesimama langoni ni mmoja. Huyo mmoja ana uzito kuliko kipa wa mchezo wako, kwa sababu michomo inayomfikia ni mingi mno. Mwaka 2023, Slovakia ilikuwa karibu kuing'oa Kanada katika robo fainali kwa sababu kipa wao Adam Gajan aliokoa michomo 53, na ilibidi mchezo uingie muda wa nyongeza. Disemba ya 2024, mwanzoni mwa mashindano ya 2025, Linards Feldbergs wa Latvia alipigiwa michomo 57 na Kanada akaokoa 55, kisha timu yake ikashinda kwa mikwaju ya mmoja mmoja. Latvia haikuwa na washambuliaji wa kulingana na wenyeji hata kidogo.

Karatasi haiwezi kukuonyesha kwamba kipa fulani atapata usiku kama ule. Inaweza kukuonyesha kinyume chake, yaani kipa ambaye ni hatari kwa timu yake mwenyewe. Tazama anaokoa michomo mingapi katika kila 100. Katika ligi za vijana, mwenye 91 ni kipa wa kutegemewa na mwenye 88 ni wa kutia shaka. Kisha tazama kama ndiye anayeanza katika klabu yake au ni wa benchi, na kama amewahi kufika kwenye mashindano haya. Trey Augustine wa Marekani alikuwa kikosini mwaka 2023, akarudi 2024 na tena 2025, na katika miaka miwili hiyo ya mwisho Marekani ilitwaa dhahabu.

Baada ya makipa, soma safu ya klabu kabla ya safu ya mabao. Vijana wengi wa Kanada hutoka katika ligi tatu kubwa za vijana za nchi yao, ambazo wachezaji wake wana umri wa kati ya miaka 16 na 20, ilhali Mfini au Mswidi wa miaka 18 huenda akawa tayari anacheza ligi kuu ya nchi yake pamoja na wanaume wenye ndevu na watoto. Huyo wa pili atapewa dakika chache, atafunga mabao machache, na baraza lenu litamdharau kwa sababu ya namba yake, wakati amekwisha kuzoea kugongwa na watu wazima kila wiki. Wamarekani nao wengi huchezea vyuo vikuu, ambako mpinzani anaweza kuwa mtu wa miaka 23. Kwa hiyo bao la ligi moja si bao la ligi nyingine, na kuyajumlisha yote pamoja ni sawa na kujumlisha shilingi na dola.

Shabiki wa Nyali

Nawaheshimu wakubwa zangu, lakini naona majina makubwa yanaonewa hapa. Baharia ametaja mechi ya Kanada na Slovakia mwaka 2023 na hakusema nani aliimaliza. Ni Connor Bedard, katika muda wa nyongeza, na katika mechi 7 za mashindano yale alikusanya pointi 23, mabao 9 na pasi za mabao 14, mpaka Kanada ikavikwa dhahabu. Kijana yule alikuwa anaongoza kwa mabao katika ligi yake pia, kwa hiyo mtu aliyesoma safu ya mabao peke yake mwaka ule alipatia. Bila mshambuliaji wa namna hiyo hata kipa mzuri atafungwa bao moja na timu itarudi nyumbani.

Kocha wa Tudor

Nawashukuru nyote wawili. Naongeza maswali mawili ambayo yanatokana na ugeni wangu. La kwanza ni safu ya mkono. Katika mchezo wangu gongo lina uso mmoja tu ulio bapa, na sote tunacheza kwa upande wa kulia hata aliyezaliwa na shoto, kwa hiyo sikuwahi kuhitaji safu hiyo. La pili ni kwamba mara nyingi huona kijana maarufu ambaye umri wake bado unaruhusu lakini jina lake halipo kikosini, wala hatuambiwi kwamba ni mgonjwa.

Mama wa Kizingo

Mwalimu, swali lako la mkono ndilo ambalo ningependa mabaraza yote yaliulize. Katika magongo ya barafuni gongo hutengenezwa la kulia na la kushoto, na mchezaji huhesabiwa kuwa wa kushoto ikiwa mkono wake wa kushoto ndio ulio chini kwenye mpini na ubao wa gongo uko upande huo. Wachezaji wengi ni wa kushoto, jambo linalofanya mabeki wa kulia wawe adimu na kocha wa taifa awatafute kwa tochi.

Tuseme kisahani, yaani kile kinachochezwa badala ya mpira, kinakuja kwa kasi kikisugua ukuta wa pembeni, upande wa kulia, na beki amekimbilia kukizuia kisitoke katika eneo la mashambulizi. Beki wa kulia hukipokea kwa uso wa mbele wa gongo lake, mwili ukiwa umeelekea katikati ya uwanja, na anaweza kupiga au kutoa pasi papo hapo. Beki wa kushoto aliyewekwa upande ule hukipokea kwa mgongo wa gongo, akiwa amewapa wenzake kisogo, na hana budi kukituliza kwanza na kugeuka. Muda huo mdogo unamtosha mpinzani kumfikia. Kwa hiyo ukiona orodha ya mabeki wanane, hesabu wa kulia ni wangapi. Wakiwa watatu, jozi tatu za kwanza zinaweza kuwa na mtu mmoja kila upande. Akiwa mmoja tu, jua kwamba mpinzani mwerevu atakuwa anakisukumia kisahani ukutani upande ule usiku kucha.

Kuhusu wasioonekana, klabu za ligi ya kulipwa ya NHL hazilazimiki kumwachia kijana aende kuchezea taifa katikati ya msimu. Bedard huyo anayesifiwa na Shabiki alizaliwa Julai 2005, maana yake umri wake ulimruhusu mwaka 2024 na 2025 pia, lakini alikuwa tayari ni mali ya Chicago Blackhawks. Macklin Celebrini alicheza mwaka 2024 akiwa na miaka 17, na mwaka uliofuata alikuwa katika klabu ya NHL ya San Jose. Mimi hutengeneza orodha ya waliobaki kwenye klabu kabla sijaisoma ya waliokuja, kwa sababu Kanada na Marekani hupoteza vijana wao bora kabisa kwa njia hii, na nchi ndogo hupoteza wachache au hazipotezi yeyote.

Sasa nije kwenye Kanada ya mwaka 2025, kwa kuwa nadhani Baharia na Shabiki wote wawili hawaielezi. Kipa hakuwa tatizo: Carter George aliifungia Ufini mlango katika ushindi wa 4 kwa 0, na Ujerumani nayo haikupata bao ilipofungwa 3 kwa 0. Tatizo lilikuwa mabao 13 tu katika mechi tano. Wakati kikosi kinatangazwa, wafungaji kama Beckett Sennecke na beki mshambuliaji Zayne Parekh waliachwa, na nafasi zikapewa wachezaji wa kukaba, wa kugonga na wa kazi ngumu, kana kwamba mabao yatapatikana tu. Halafu katika mechi ya pili, dhidi ya Latvia, Matthew Schaefer akajigonga kwenye mwamba wa goli akavunjika mtulinga. Alikuwa beki wa kuanzisha mashambulizi, na karatasi ingeweza kukuonyesha tangu mwanzo kwamba mtu wa kuichukua kazi yake alikuwa ameachwa nyumbani.

Safu ambayo hamkuitaja kabisa ni ya dakika za adhabu. Mchezaji anapofanya kosa hutolewa nje kwa dakika mbili na timu yake hubaki pungufu, hivyo mwenye dakika nyingi za adhabu katika klabu huja na deni lake. Bao lililowatoa Wakanada mwaka ule alilifunga Adam Jecho zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 40, Ucheki wakiwa na mtu mmoja zaidi barafuni. Ukisoma kikosi, uliza nani atacheza dakika za wingi, mpinzani akiwa pungufu, nani atacheza za upungufu wa timu yake, na nani atakuwa amekaa kwenye kibanda cha adhabu.

Shabiki wa Nyali

Bi Kizingo, umenisaidia bila kukusudia. Ukisema walioachwa walikuwa wafungaji na timu ikakosa mabao, basi safu ya mabao ina maana.

Mama wa Kizingo

Ina maana, mwanangu, sikusema haina. Ila uwasome pamoja na watu watakaocheza nao. Marekani iliyochukua dhahabu mwaka 2025 iliwaweka mbele James Hagens, Gabe Perreault na Ryan Leonard, ambao walikuwa wakicheza pamoja katika timu ya chuo cha Boston College msimu ule ule. Kocha wa taifa ana siku chache za mazoezi, na watatu wale walikuja wakiwa wameshazoeana. Ndiyo maana ninapopata orodha huzungushia duara wachezaji wanaotoka klabu moja.

Baharia wa Kibokoni

Hayo ya kuzoeana ndiyo yanayowabeba Ucheki pia. Nchi ile haina wachezaji wengi kama Kanada, lakini ilipata fedha mwaka 2023, shaba mwaka 2024 na shaba tena 2025, na kila mwaka katika kikosi chao utaona majina ya mwaka uliopita. Haya ni mashindano ya vijana wa miaka 19 zaidi ya wa 17. Gavin McKenna alipoichezea Kanada mwaka 2025 alikuwa ametimiza miaka 17 siku chache tu kabla ya ufunguzi, na pamoja na kipaji chake chote alikuwa anasukumana na watu waliomzidi karibu miaka mitatu. Kwa hiyo kwenye tarehe za kuzaliwa, Maalim, hesabu wangapi wako katika mwaka wao wa mwisho wa kuruhusiwa, na wangapi kati yao wanarudi.

Nitaongeza moja ambalo watu wa Halifax hawakunifundisha, kwa sababu zamani zile halikuwapo. Fainali za 2022, 2023 na 2025 zote ziliamuliwa katika muda wa nyongeza, na siku hizi muda huo huchezwa na watu watatu kwa watatu mbali na makipa. Uwanja unakuwa mtupu, na beki mzito wa kilo 100 aliyechaguliwa kwa ajili ya kugonga hana pa kujificha. Timu iendayo mbali inahitaji angalau wachezaji sita hivi wenye miguu ya kuteleza kwa kasi, wakiwamo mabeki wawili. Teddy Stiga wa Marekani aliyefunga bao la dhahabu dhidi ya Ufini mwaka 2025 hakuwa nyota wa kikosi kile, lakini alikuwa mwepesi.

Kocha wa Tudor

Nimeyaandika yote kwenye daftari la timu, na wanafunzi wangu watanisamehe. Swali dogo la mwisho: kikosi huanza kuaminika lini? Mwaka jana tulijadili orodha wiki nzima, kisha tukaambiwa ni ya kambi tu.

Mama wa Kizingo

Ya kambi huwa ndefu, na hupunguzwa katikati ya Disemba. Subiri ile ya wachezaji 25, kisha tazama mechi za kirafiki zinazochezwa siku chache kabla ya tarehe 26 Disemba, lakini usitazame matokeo. Tazama nani amepewa dakika za wingi na kipa gani ameanzishwa mechi ya mwisho. Na ikiwa michuano inachezwa Amerika Kaskazini, waambie wenzako wa barazani walale mapema, maana mechi ya saa moja na nusu jioni ya Ottawa kwetu ni saa tisa na nusu usiku.