HVL (wingi wa VVU kwenye damu) juu ya 1,000 kwa wavuvi wanaotumia TLD (kidonge cha ARV): tuwabadilishie dawa?

Nesi_Mwambao
Wakuu, heshima kwenu. Zahanati iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Wateja wengi wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) ni wavuvi na akina mama waanika dagaa. Baadhi wamemaliza miezi 6 kwenye TLD lakini HVL inarudi juu ya nakala 1,000 za virusi kwa mililita, na wote wanasema wanameza kila siku. Wapelekwe mstari wa pili (dawa za ARV za kubadilishia zile za kwanza zikishindwa)?

Mfamasia_Kgm
Hapana, si kwa jibu moja. Virusi huizoea dolutegravir, dawa kuu ndani ya TLD, kwa shida sana, kwa hiyo HVL ikipanda, mara nyingi dawa haijafika ya kutosha kwenye damu. Tafuta imekwama wapi.

Anza na chupa. Mteja aliyepewa vidonge 90 akirudi siku ya 84, vibaki 6. Vikibaki 20, amemeza 70 kati ya 84, asilimia 83, nasi tunataka 95 kwenda juu. Chupa tupu nayo iulizie, huenda anagawana na mwenza asiye na faili popote. Tafadhali usimfokee: safari ijayo atamwaga vidonge njiani ili hesabu ikae sawa.

Kisha uliza anachomeza pamoja nayo. Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huinasa dolutegravir tumboni. TLD imezwe saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada. Vya damu na kalsiamu vinaruhusiwa kwa pamoja iwapo anakula chakula, za kiungulia haziruhusiwi. Mwenye TB anayetumia rifampisini anahitaji dolutegravir 50 mg ya ziada, saa 12 baada ya TLD, hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Hili husahaulika kadi ya TB ikiwa kituo kingine.

Maabara_Ziwa
Mkituma sampuli ya HVL kwa DBS (matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi), damu ijaze duara na kupenya hadi nyuma ya kadi. Ikauke ikiwa imelazwa, si chini ya saa 4. Masika iacheni usiku kucha, mbali na jua. Ikifungwa mbichi inaharibika. DBS hunasa pia virusi vilivyo ndani ya seli, kwa hiyo jibu lililozidi 1,000 kidogo lithibitishwe kwa plasma (majimaji ya damu bila seli) inapowezekana.

Ufuasi_Kwanza
Mimi naona ratiba ndiyo inayowaangusha wavuvi. Tarehe ya kliniki ikiangukia giza (siku zisizo na mbalamwezi, ndipo wanavua), mtu amekesha majini, mchana amelala, haji. Wapangieni mbalamwezi, kambi ikiwa imepumzika. Mbalamwezi hurudi kila siku 29 au 30, kwa hiyo vikao 3 vya ushauri wa ufuasi (kumeza dawa bila kuruka), kimoja kila mwezi, vinaingia humo vizuri. Chupa ya vidonge 30 inatosha kwa kubana, ongezeni ya akiba, maana upepo ukichafuka boti haziondoki.

Saa ya kumeza pia. Ukimwambia saa 3 usiku, wakati huo anawasha taa ziwani na chupa iko kambini. Ameze jioni kabla ya kusukuma mtumbwi. TLD haihitaji chakula.

Rudieni kipimo baada ya miezi 3 ya ufuasi mzuri. Kikibaki juu ya 1,000, faili liende kwa mratibu wa UKIMWI wa wilaya.

Nesi_Mwambao
Asanteni sana. Wawili ni wajawazito na wanameza vidonge vya damu asubuhi, pamoja na TLD, kabla ya kula.

Mfamasia_Kgm
Hao warekebishie leo: TLD ihamie jioni. Mratibu ajulishwe leo hii, wasisubirishwe miezi 3, mtoto yuko hatarini.