TAZARA kwa miaka 30: tukodishe reli, lakini ratiba ya njia ishikwe na nani?

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele.

Kila nikifuatilia mjadala wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nakuta kambi mbili. Moja inalia kwamba reli ya Nyerere na Kaunda imeuzwa, nyingine inashangilia kwamba mkombozi kafika. Mimi nataka tujadili jambo ambalo kambi zote mbili zinalipita mbio.

Kwa ambaye hakufuatilia: Septemba 2024 hati ya makubaliano ilisainiwa Beijing mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi. Septemba 2025 ukafuata mkataba wenyewe. Kampuni ya CCECC ya China inaleta dola bilioni 1.4, miaka 3 ya ukarabati na 27 ya kuendesha. Kwenye kapu hilo kuna vichwa vya treni zaidi ya 30 na mabehewa ya mizigo zaidi ya 700.

Kwamba fedha zinahitajika, sibishani na mtu. Reli ina kilomita 1,860, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Zigawanye kwa tani 30 za lori moja: ni malori manane kwa siku. Malori manane! Tunduma yanapita mengi kuliko hayo kabla hujamaliza kunywa chai.

Kinachonikereketa ni hiki. Mpangaji mmoja, yaani CCECC aliyekodishwa reli, atashika njia, atashika treni, atashika bei, na ndiye atakayepanga nani apite saa ngapi. Kesho mgodi wa shaba ukitaka kuleta vichwa na mabehewa yake ulipie njia tu, atakayeujibu ni mshindani wake. Upande wa TRC, Shirika la Reli Tanzania, tuna Sheria ya Reli ya 2017 iliyofungua mlango kwa waendeshaji binafsi, na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, wapo. TAZARA inaendeshwa kwa sheria yake ya nchi mbili. Msimamo wangu: tuwakodishe, ila ratiba ya njia na tozo ya kupita vibaki mikononi mwa chombo cha serikali mbili. Na mkataba uwekwe hadharani tuusome.

Nawasilisha.

Fundi reli mstaafu

Mleta mada, umeandika vizuri, lakini unaongea kama mtu wa barabara. Ile ni njia moja. Treni ya kupanda na ya kushuka zinapishana stesheni, na moja ikizimia katikati zote zimelala. Idadi ya treni kwa siku inaamuliwa na kipande kirefu kuliko vyote kati ya stesheni mbili za kupishania.

Chukua kipande cha kilomita 20. Kama kuna mwendo wa tahadhari, yaani treni imeamriwa kwenda polepole kwa ubovu wa njia, na inatambaa kilomita 20 kwa saa, kinamezwa saa nzima. Ukirekebisha tuta, kokoto na mataruma ikaenda 60, ni dakika 20. Hapo njia ileile inabeba treni mara tatu bila kuongeza reli hata moja. Ndiyo maana nasema anza na mwendo wa tahadhari, ugomvi wa nani apite uje baadaye. Leo hakuna nafasi ya kugawana.

La pili ni gurudumu na reli. Vile vinalana. Reli hii ilijengwa kwa tani 20 kwa ekseli, kwa hiyo behewa la ekseli nne lisizidi tani 80 pamoja na uzito wake lenyewe. Mwenye treni akizidisha mzigo, au akiacha gurudumu liendelee kutembea likiwa limelika upande, anayeumia ni mwenye njia. Ukiwatenganisha, treni ikiacha reli huyu atasema njia mbovu na yule atasema behewa bovu. Waingereza walitenganisha, na mwaka 2000 pale Hatfield reli iliyochoka ikapasuka chini ya treni, watu wanne wakafa. Kampuni iliyomiliki njia haikudumu sana baada ya hapo.

Na usisahau mlima. Kutoka bonde la Kilombero, Mlimba kupanda Makambako, kuna mahandaki, madaraja na maporomoko ya masika. Vichwa vya kwanza vya Mchina vilishindwa kuvuta pale, ndiyo vikaletwa vile vichwa vya dizeli vya U30C miaka ya 1980. Sasa wewe umruhusu mtu na kichwa chake cha mtumba akazimie humo handakini?

Mleta mada

Mzee, somo la kipande nimelipokea na linaipa hoja yangu nguvu: kama nafasi ni chache kiasi hicho, anayezigawa ana mamlaka makubwa mno kuwa mfanyabiashara.

Halafu hiyo ya kumpa mmoja kila kitu tumeshaionja. RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya TRL, kampuni iliyokuwa ikiendesha reli ya kati, mwaka 2007 kwa miaka 25. Vikaja vichwa na mabehewa ya kukodi, wafanyakazi wakagoma, na miaka mitano haikuisha Serikali ikaichukua tena. Zambia walikodisha reli yao mwaka 2003, wakainyang'anya 2012. Kenya na Uganda waliwapa Rift Valley Railways miaka 25 mwaka 2006, ikavunjwa 2017. Wote hao walikuwa na njia na treni kwa pamoja. Mwekezaji anavuna kwenye treni kwanza, tuta linasubiri. Tuta halilalamiki mpaka siku linapokatika.

Mwenye malori, Tunduma

Mnasahau sisi tuna mikopo ya benki. Reli ikifufuka watu wangapi wataegesha? Madereva, matingo, mama lishe, mafundi wa tairi, hamjawataja popote.

Wakala wa mizigo

Mkuu wa malori, usiogope sana. Reli inaishia Kapiri Mposhi. Shaba iko Copperbelt, ukanda wa migodi wa Zambia, na nyingine Kolwezi huko Kongo. Kutoka Kapiri mzigo unaingia kwenye njia ya Zambia Railways, ambayo nayo inahitaji kufumuliwa. Upana wa reli ni uleule wa milimita 1,067, behewa linapita bila kupakuliwa, lakini kinachokwamisha hakipimwi kwa milimita. Ukiweka dola bilioni 1.4 hadi Kapiri ukaacha hicho kipande cha mbele kama kilivyo, lori ndilo litakalofika getini kwa mgodi.

Nawaambia anachotaka mteja: tarehe. Hata siku mbili zaidi ya lori atavumilia, mradi tarehe haibadiliki. Mwenye meli anamsubiri, na shaba iliyolala njiani ni fedha imelala. Nani kashika ratiba hamuulizi kabisa.

Na mzigo wa kwenda na kurudi. Kupanda kuna salfa, mbolea na mafuta, kushuka kuna shaba. Lakini behewa la tangi halibebi shaba, kwa hiyo linarudi tupu. Anayeendesha treni zote anaweza kupanga mabehewa yasizurure. Mkigawa kwa waendeshaji watano, kila mmoja na mabehewa yake, nusu ya safari zitakuwa za kubeba hewa. Wakati huohuo Lobito, bandari ya Angola, hawalali. Reli ya Benguela ina kilomita kama 1,300 hadi mpaka wa Kongo, upana uleule, na imekodishwa kwa miaka 30 kwa ubia wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis, Wamarekani nyuma yao. Tukikaa hapa kubishana, Kolwezi imeshageukia magharibi.

Abiria wa Ifakara

Mnaongea shaba tu. Huku bondeni masika ikikolea barabara inakatika, treni ndiyo gari letu. Kwenye mkataba treni ya abiria imelindwaje? Maana njia moja ikijaa shaba, najua nani atawekwa pembeni stesheni kupisha.

Mleta mada

Swali la Ifakara ni zito kuliko langu. Nani apishe nani ni ratiba hiyohiyo, na mwenye faida kwenye shaba hatampisha abiria kwa hiari yake. Idadi ya treni za abiria kwa wiki iandikwe kwenye mkataba, na faini iandikwe.

Wakala, Lobito isitumike kututia hofu tusiulize maswali. Mkataba wa haraka tuliuona kwa RITES. La Kapiri umenena, na hapo Zambia wenyewe ndio wa kusema, mpangaji wetu hana mamlaka ya kuvuka.

Fundi, nakupa hii uipasue. Miaka ile 3 ya ukarabati na mingine michache baadaye, mpangaji apite peke yake. Apimwe kwa kilomita zilizobaki kwenye mwendo wa tahadhari, zitangazwe kila robo mwaka. Zikishafutika, nafasi za njia zifunguliwe kwa mwingine, na kichwa chake kikaguliwe karakana ya Mbeya au ya Mpika kabla hakijagusa mlima. Behewa lipimwe uzito likitoka bandarini, ubishi wa nani kaharibu uishe.

Fundi reli mstaafu

Mizani bandarini, sawa, hata leo iwekwe. Ukaguzi karakana, sawa. Lakini hujasema mkaguzi ataajiriwa na nani. Akiwa wa mpangaji, vichwa vya mshindani vitafeli kila siku. Akiwa wa LATRA, akivuka mpaka kuingia Nakonde, Zambia, anakuwa mgeni. Leteni jibu la hilo kwanza.