Naomba ushauri: alama za vidole za mama zinagoma benki

Habari wakuu. Bi mkubwa ana miaka 78, kapooza upande mmoja, yupo Mbagala. Akaunti yake imelala, na benki wanataka ahakikiwe upya: namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa, zile tarakimu 20) na alama za vidole. Mashine inagoma, mistari ya vidole imefutika kwa uzee na jembe. Kulainisha ngozi kwa losheni na kujaribu vidole vyote kumi badala ya kung'ang'ania dole gumba hakujasaidia.

Kadi inasema Asha, akaunti Aisha. Hilo dogo, nadhani hati ya kiapo kwa wakili itatosha.

Kinachoumiza kichwa ni hati ya uwakilishi, ya kuniruhusu nishughulikie akaunti kwa niaba yake. Kwa sasa anajielewa, ila kumbukumbu zinapungua. Akili zikishamtoka, hata akiweka dole, hati haitakuwa na nguvu kisheria. Hapo ni mahakamani tu. Kutumia namba yake ya siri kwenye ATM sitaki, ingawa wengi ndivyo wanavyofanya.

Kuna aliyefanikiwa kumwomba afisa wa benki aje nyumbani na mashine? Hati itaje akaunti hiyo moja na kiwango cha kutoa, au iwe ya jumla? Na barua ya daktari kwamba ana akili timamu, iwe ya siku ileile ya kusaini?