Tupeane uzoefu: skrini ya bluu kwenye PC ya gemu iliyopigwa ovakloki

FundiChipu
Wakuu, tukusanye hapa mbinu zinazotibu kweli skrini ya bluu (Windows ikikata kwa hitilafu) kwenye mashine iliyopigwa ovakloki, yaani iliyoongezwa spidi kupita ya kiwandani. Naanza.

Usiguse kitu kabla hujausoma msimbo wa hitilafu. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 skrini imekuwa nyeusi badala ya bluu, ila msimbo bado upo. Mashine ikijiwasha kabla hujausoma, angalia C:\Windows\Minidump, halafu fungua faili lililomo kwa programu ya BlueScreenView.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT mara nyingi maana yake prosesa haipati volti ya kutosha kwa spidi uliyoipa. MEMORY_MANAGEMENT, au misimbo inayobadilika kila ikikata, anza na RAM. VIDEO_TDR_FAILURE ni kadi ya grafiki au draiva yake.

Kisha rudisha BIOS (mipangilio ya ubao mama) kwenye hali ya kiwandani, na XMP au EXPO, yaani mpangilio unaoongeza spidi ya RAM, uizime pia. Wengi huiacha, wakati nayo ni ovakloki kamili. Mashine ikitulia, rudisha kimoja kimoja. Ukirudisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeangusha.

kijiti_cha_pili
Nashika RAM. Washa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, raundi 4 zote. Kosa hata moja ni kufeli, hakuna "kosa dogo" hapa. DDR4 ya 3600 ikifeli, jaribu 3466 au 3200 kwa volti ileile ya 1.35. Vijiti viwili vikae sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Vijiti vinne hukilemea kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa, hasa vikiwa vya pakiti tofauti.

Kuna wakati MemTest inapita lakini gemu linakata baada ya muda. Shuku joto: kadi ya grafiki inapofanya kazi humwaga hewa ya moto juu ya vijiti, na MemTest haiitumii kadi kabisa. Pima RAM ndani ya Windows huku kadi imebebeshwa mzigo.

Ukishatibu RAM, endesha `sfc /scannow`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha faili za mfumo. RAM mbovu huweza kuandika takataka kwenye faili hizo, na skrini ya bluu ikaendelea hata kosa la awali likiwa limekwisha.

voltimita
Kwenye volti ndiko watu hupotea. Umeweka 1.30 kwenye BIOS, unawasha Prime95 (programu ya kuibebesha prosesa mzigo), HWiNFO (programu ya kusoma vipimo vya mashine) inakuonyesha 1.22. Volti hushuka mzigo unapopanda, kwa hiyo kinachohesabika ni namba unayoiona prosesa ikiwa imebeba mzigo. LLC, mpangilio wa BIOS unaopunguza kushuka huko, iweke ngazi ya kati. Ngazi ya juu kabisa huifanya volti iruke kupita kiasi mzigo unapoachiwa ghafla. Ongeza 0.01 kwa wakati, au shusha 100 MHz. Mimi nashauri kushusha: kwenye gemu tofauti haionekani, na joto linapungua.

Kwa prosesa ya AMD Ryzen yenye Curve Optimizer (mpangilio wa kupunguza volti ya kila kiini kwa namba hasi), mashine inaweza kupita Prime95 usiku kucha kisha ikakata ukiwa umefungua kivinjari tu. Mzigo mdogo ndio unaoruhusu kiini kimoja kupanda spidi ya juu kabisa, na hapo volti uliyoipunguza haitoshi. Fungua Event Viewer (kumbukumbu ya matukio ya Windows), tafuta WHEA-Logger tukio la 18, soma APIC ID, namba ya sehemu ya prosesa iliyokosea. Kwa kawaida, SMT (kiini kimoja kufanya kazi kama viwili) ikiwa imewashwa, 0 na 1 ni kiini cha kwanza, 2 na 3 cha pili. Kiini hicho peke yake kitoe -25 kipeleke -20.

FundiChipu
Nyongeza kwa wenye Intel Core ya kizazi cha 13 na 14 za mezani: sasisha BIOS iwe yenye maikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) 0x12B au ya baadaye. Chipu iliyokwisha kuchakaa haitaponywa na sasisho, wala usiipambanie kwa volti. Dai waranti.

feni_tatu
Mashine ikizima ghafla bila skrini yoyote, huo si ugonjwa wa uzi huu. Tukio la Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer, lenye BugcheckCode 0, linakuambia tu kwamba mashine ilizima bila utaratibu. Angalia pawa saplai na joto. Kadi yenye matundu mawili ya umeme ipe kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, si kebo moja yenye vichwa viwili.