Naomba ushauri: betri ya Nissan Leaf na umeme mdogo wa mtaani

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu wa magari ya umeme hapa Dar.

Nataka kununua Nissan Leaf ya mwanzo iliyotoka Japani, ile ya kWh 24. Bei nzuri tu ila betri imebaki vipande 8 vya uwezo (afya ya betri, sio chaji) kati ya 12 kwenye dashibodi, na hizi Leaf betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji so joto letu hili nadhani litaimaliza haraka. Nasoma BloombergNEF (kampuni ya utafiti wa nishati) wanasema wastani wa bei ya betri duniani 2024 ilishuka mpaka dola 115 kwa kWh, maana yake kWh 24 ni kama dola 2,760, lakini muuzaji wa betri ya kubadilisha ananitajia dola 5,000 kabla ya ushuru na usafiri, sasa sijui napigwa au ndo uhalisia.

Ishu nyingine umeme. Niko singo fezi, jioni watu wakiwasha viyoyozi volti zinashuka hadi 190, fundi wangu amepima, kasema nivute waya mnene peke yake toka kwenye mita. Nina wasiwasi kama tatizo ni transfoma ya mtaa waya utasaidia nini. Na tarifu ndogo ya TANESCO ya yuniti 75 kwa mwezi nishajua nitaiaga, hilo sina ubishi.

Maswali: kuna fundi anabadilisha moduli mbovu tu (betri ndogo ndogo za ndani) kati ya zile 48, na inadumu? Na nikichaji usiku wa manane kwa volti hizi chaja haitaungua?

Natanguliza shukrani.